Jinsi ya kujenga kazi ya utafiti wa jenetiki ya mifugo, kutoka zizini mpaka maabara na kurudi tena zizini

Hili swali naulizwa sana na vijana waliomaliza digrii ya kwanza, wengine wamesoma mifugo, wengine biolojia, wengine udaktari wa wanyama: nataka kuwa mtafiti wa jenetiki ya mifugo, nianzie wapi? Na karibu wote wanaanza na mashine, yani nijifunze PCR kwanza (ile njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) au kusoma jenomu, yani DNA yote ya mnyama, au hii ya kuhariri jeni? Jibu langu ni lile lile miaka yote, anza na mnyama. Mashine zinabadilika kila baada ya muda mfupi, niliyofundishwa nayo mimi saa hizi imewekwa pembeni, ila swali la kwa nini ng'ombe huyu ana maziwa mengi na dada yake hana, au kwa nini mbuzi huyu anabeba minyoo tumbo zima na bado ananenepa, hilo lilikuwepo kabla mtu yeyote hajajua DNA ni kitu gani na mpaka leo halijaisha.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni kwa mdogo wangu anayetaka kuifanya hii kazi miaka 20 au 30, sio anayetafuta cheti tu.

Kuchagua swali

Kabla hujachagua chuo wala supavaiza, elewa kwamba sifa za mifugo ziko za aina mbili kubwa na kazi yake ni tofauti kabisa. Kuna sifa zinazoongozwa na jeni moja yenye nguvu, na kuna zinazoongozwa na mamia au maelfu ya jeni, kila moja inasukuma kidogo kidogo.

Za jeni moja ndo zile zenye hadithi nzuri. Ng'ombe wa Belgian Blue wale wenye misuli ya kutisha, mwaka 1997 ikajulikana kwamba kwenye jeni yao ya mayostatini zimedondoka herufi 11 za DNA, basi ile protini inayoambia misuli sasa inatosha haifanyi kazi na misuli inaendelea kujaa. Kondoo wa Texel nao wana misuli na jeni inayohusika ni hiyo hiyo ya mayostatini, lakini watu walisoma sehemu inayotengeneza protini wakakuta iko sawa kabisa, mpaka 2006 ndo ikaonekana kosa liko kwenye mkia wa jeni, herufi moja imebadilika ikatengeneza mahali ambapo maikroRNA (kipande kifupi cha RNA kinachodhibiti jeni) inakuja kushika na kuzima uzalishaji. Hiyo mifano miwili naipenda kuwapa wanafunzi, manake inakuonyesha kwamba ukiangalia pale tu ulipozoea kuangalia unaweza kusema jeni haihusiki na kumbe ndo yenyewe. Kuna na kondoo wa Booroola wanaozaa mapacha na zaidi, jeni yake BMPR1B ilijulikana 2001, na nguruwe wanaokufa ghafla wakipata mshtuko, jeni yao RYR1, mwaka 1991.

Za jeni nyingi ni maziwa, uzito, uzazi, kustahimili joto, kustahimili magonjwa mengi, yani karibu kila kitu ambacho mfugaji anakilalamikia. Huko hupati jeni ya maziwa, ondoa hilo kichwani. DGAT1 iliyopatikana kwa ng'ombe mwaka 2002 inagusa sana mafuta ya maziwa, na ni maarufu kwa sababu jeni yenye nguvu kiasi hicho kwenye sifa ya namna hii ni adimu. Na kuna jambo la kiwango cha urithi, yani sehemu ya tofauti kati ya wanyama inayotokana na jeni: maziwa kwa ng'ombe yanakaa karibu 0.3, uzazi unashuka chini ya 0.1 mara nyingi, maana yake tofauti kubwa ya uzazi unayoiona zizini inatokana na lishe, matunzo, hali ya hewa na bahati. Ukienda kutafuta jeni ya uzazi kwa ng'ombe 80 umeshapoteza muda kabla hujaanza, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kila mwaka naona andiko la namna hiyo.

Alafu piga hesabu ya muda wa mnyama mwenyewe. Yai la kuku linaanguliwa siku 21. Nguruwe anabeba mimba siku 114 hivi. Ng'ombe miezi tisa, alafu huyo ndama akue, apandishwe, azae, ndo uanze kupima maziwa, hapo imeshapita miaka miwili na zaidi na ufadhili wako wa PhD ni wa miaka mitatu au minne. Anayetaka kuona vizazi vinapita mbele ya macho yake afanye kuku. Anayetaka ng'ombe atafute mahali ambapo kumbukumbu zimeshaandikwa miaka mingi na watu wengine, na awaheshimu hao watu.

Cha kusoma

Kazi hii ina miguu mitatu: jenetiki ya hesabu, biolojia ya molekuli, na kompyuta. Hakuna anayekuwa hodari kwenye yote mitatu, ila lazima mmoja uwe wako kabisa na miwili mingine uielewe kiasi cha kubishana na wenye nayo.

Watu wa biolojia wanakimbia hesabu na hilo ndo kosa kubwa ninaloliona. Ile fomula ya maendeleo ya uteuzi kila mtu anatakiwa kuilala nayo: maendeleo kwa mwaka ni ukali wa uteuzi, mara usahihi wa makadirio, mara tofauti ya kijenetiki iliyopo kwenye kundi, gawanya kwa urefu wa kizazi. Ukiielewa hiyo, basi kila teknolojia mpya ikija unaiuliza inagusa kipande gani? Uhimilishaji unagusa ukali, kwa sababu dume mmoja anapanda maelfu ya majike. Kupima DNA ya ndama akiwa mdogo kunagusa urefu wa kizazi na usahihi.

Na hapo ndo ilipotokea mapinduzi. Mwaka 2001 Meuwissen, Hayes na Goddard waliandika pepa wakasema tusihangaike kutafuta jeni moja moja, tuchukue alama zote zilizotapakaa kwenye jenomu nzima, tuzipe uzito zote kwa pamoja, tukadirie thamani ya mnyama. Wakati huo hapakuwa na kifaa cha kupima alama zote hizo kwa bei inayofaa, kikaja 2008 kile chipu cha ng'ombe chenye SNP 54,000 hivi (SNP ni mahali ambapo herufi moja ya DNA inatofautiana kati ya mnyama na mnyama), na Januari 2009 Marekani ikaanza kutoa rasmi makadirio ya kijenomu ya Holstein, wale ng'ombe wa maziwa. Zamani dume alisubiri mpaka mabinti zake wazae na wakamuliwe ndo ijulikane anafaa, sasa anajulikana akiwa ndama. Kwa mababa wa madume wa Holstein huko Marekani urefu wa kizazi ukashuka kutoka karibu miaka 7 hadi chini ya 3. Lakini angalia vizuri, hiyo yote ilifanya kazi kwa sababu walikuwa na makumi ya miaka ya kumbukumbu za maziwa zilizoandikwa ng'ombe mmoja mmoja. Chipu bila kumbukumbu ni kupoteza pesa. Penye chipu bila daftari, wewe mtafiti mpya anza na daftari.

Zizini

Hapa nitakaa, kwa sababu vitabu vinapita haraka na makosa ya hapa hayasahihishiki mbele ya safari.

Damu ya kutoa DNA chukua kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), ile ya kifuniko cha zambarau. Usichukue ya heparini kama una njia nyingine, nayo inazuia damu kuganda ila inasumbua PCR, na utakaa wiki nzima unalaumu praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, DNA yao unaitoa kwenye chembe nyeupe kwa sababu chembe nyekundu za mamalia hazina kiini. Kuku chembe zake nyekundu zina kiini, kwa hiyo tone dogo tu linatosha, na ukiweka damu nyingi kama ya ng'ombe unapata uji mzito unaoziba kila kitu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: ng'ombe waliozaliwa mapacha usiwatolee damu ukategemea DNA safi. Tumboni mishipa ya kondo zao huungana na chembe za damu zinahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, ndo maana mtamba aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi huwa tasa, wafugaji wanalijua hilo toka zamani. Basi damu ya pacha ina DNA ya watu wawili, tuseme. Chukua nywele zenye mizizi au kipande kidogo cha sikio. Mimi niliwahi kukaa karibu miezi miwili na ng'ombe mmoja ambaye matokeo yake hayakubaliani na mama wala baba, tukarudia kila kitu, mpaka siku tuliyorudi kumuuliza mwenye ng'ombe akasema kwa utulivu kabisa huyo alikuwa pacha, mwenzake alikufa. Toka hapo fomu yangu ina swali la mapacha juu kabisa.

RNA, yani nakala zinazotolewa na jeni zinazofanya kazi kwenye seli, ni mnyama mwingine. DNA inavumilia, RNA haivumilii, kipande cha ini au titi kikikaa tu juani dakika kadhaa unachopima ni jinsi seli zinavyokufa. Iingie kwenye naitrojeni ya maji, ile ya nyuzi 196 chini ya sifuri, au kwenye dawa ya kuhifadhi RNA, palepale mnyama alipo, alafu friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Na kila mnyama umchukue saa ile ile ya siku na kipande kile kile cha kiungo, kwa sababu jeni nyingi zinapanda na kushuka kwa saa.

Andika namba kwenye chupa yenyewe na sio kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana. Andika kwa penseli au wino usiofutika na spiriti. Andika rangi, umri, mama, baba kama anajulikana, idadi ya uzao, anakula nini, amechanjwa lini, nani amepima na kwa kifaa gani, manake mizani mbili zinatofautiana na watu wawili wanaotoa alama ya unene wa mnyama wanatofautiana zaidi. Piga picha ya kila mnyama. Na ongea na anayemtunza kila siku, sio mwenye mali tu, yule anayekamua ndo anajua nani anakula taratibu, nani anatafuta kivuli mapema, hizo ni sifa ambazo hujawahi kuzisoma popote na zinaweza kuwa swali lako la miaka kumi ijayo.

Kibali cha maadili ya wanyama kiwe mkononi kabla ya sindano ya kwanza, majarida hayapokei vinginevyo na ni haki ya mnyama pia. Kama sampuli zinavuka mpaka wa nchi kuna mkataba wa kuhamisha sampuli na kuna Itifaki ya Nagoya iliyoanza kufanya kazi 2014, inayosema mwenye rasilimali ya kijenetiki lazima akubali na apate sehemu ya faida. Usisafirishe hata nywele ukisema tutaandika karatasi baadaye.

Maabara

Hapa sitakaa sana, utafundishwa na mtu aliyesimama pembeni yako na hiyo ndo njia nzuri. Tenga chumba cha kuandaa PCR na chumba cha kufungulia bidhaa ya PCR, usirudi na koti lile lile. Weka kila mara bomba la maji matupu, bila DNA, kama kidhibiti, likionyesha mstari kwenye jeli simamisha kazi, hata kama mstari ni hafifu na bosi anasubiri. Ule uwiano wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280 unaonyonywa na sampuli, unaoonyesha usafi wake, kwa DNA unataka karibu 1.8 na RNA karibu 2.0, ila uwiano mzuri hausemi kwamba DNA haijakatika vipande, ipitishe kwenye jeli uione. Ukipima wingi wa RNA kwa PCR usitumie jeni moja ya kulinganishia eti kwa sababu kila mtu anaitumia GAPDH, zipime kadhaa kwenye tishu yako mwenyewe uone ipi haiyumbi.

Na daftari la maabara, tarehe, namba ya loti ya kila kemikali, na yaliyoshindikana pia. Aliyekuja baada yako asirudie miezi yako sita.

Kwenye kompyuta

Jifunze R, lugha ya kompyuta ya takwimu, na mstari wa amri wa Linux mapema, mwaka wa kwanza, hata kama unajiona mtu wa maabara. PLINK, programu ya kuchambua data za SNP, ni bure na karibu kila kazi ya SNP inapitia humo. Eksel iachie orodha ya manunuzi, kwa data usiiamini, inageuza majina ya baadhi ya jeni kuwa tarehe bila kukuuliza.

Data ikija usikimbilie grafu ya matokeo. Kwanza angalia jinsia: dume ana X moja, kwa hiyo kwenye X hatakiwi kuwa na herufi mbili tofauti mahali pamoja, ukiona dume anazo nyingi basi chupa zimebadilishana au umeandika vibaya. Alafu wazazi: baba akiwa AA mahali fulani na mtoto ni BB hapo hapo, huyo sio baba, na ikitokea sehemu nyingi hakuna mjadala. Alafu chora wanyama wote uone makundi. Ukichanganya ng'ombe wa asili na chotara na ukatafuta jeni ya maziwa bila kurekebisha hilo, utapata mamia ya SNP zenye nguvu, na zote zinakuambia tu nani ni chotara.

Na kuna hesabu ya kubahatisha. Ukipima SNP 50,000 kwa kiwango cha 0.05, SNP 2,500 zitaonekana zina maana hata kama hakuna kitu chochote. Ndo maana unagawanya 0.05 kwa 50,000 unapata 0.000001, na ukibakiwa na SNP moja au sifuri ukubali. Sifuri kwa data iliyopimwa vizuri ni matokeo, iandike.

Kingine, jenomu ya rejea ya ng'ombe iliyotangazwa 2009 ilitoka kwa ng'ombe mmoja wa Hereford anaitwa Dominette. Mmoja. Ukileta ng'ombe wenye nundu wa zebu ukawalinganisha naye, kuna vipande vya DNA yao ambavyo havina pa kukaa na vinatupwa kimya kimya, na huenda unachokitafuta kiko humo. Kwa mtafiti anayeanza leo naona hapo ndo penye kazi kubwa, mifugo ya asili ambayo imekaa na joto, kupe na ukame vizazi kwa vizazi na haijasomwa inavyostahili.

Kuhusu kuhariri jeni

Vijana wanaipenda na wana haki, nguruwe waliokatwa kipande cha jeni ya CD163 hawashikwi na virusi vya PRRS, ugonjwa wa uzazi na upumuaji wa nguruwe, hilo ni jambo kubwa sana. Lakini soma na habari ya wale fahali waliohaririwa wasiote pembe. Waliohusika walisema hakuna kilichoingia zaidi ya walichokusudia, na mwaka 2019 wataalamu wa serikali ya Marekani walipopitia ile jenomu tena wakakuta plasmidi ya bakteria (kipande cha DNA cha duara) iliyobeba kiolezo cha marekebisho imejipachika humo pamoja na jeni za usugu wa antibiotiki. Data ilikuwepo muda wote, programu hazikuambiwa zitafute plasmidi. Ukiingia huko, tafuta kwa bidii kile ambacho hukitaki kionekane.

Watu na miaka

Supavaiza usimchague kwa jina, waulize wanafunzi wake waliomaliza: walimaliza kwa miaka mingapi, majina yao yako wapi kwenye mapepa, anasoma rasimu au anakaa nazo miezi? Suala la nani anatangulia kwenye majina liongeleeni mwanzoni kabisa, kwa maandishi, kukiwa bado na amani. Nimeona urafiki wa miaka kumi ukivunjika kwa nafasi ya pili na ya tatu.

Baada ya PhD nenda mahali pengine, ukachukue mguu ambao huna. Mtu wa maabara aende kwa watu wa hesabu, mtu wa hesabu akae zizini mwaka mzima. Alafu ukirudi shika sifa moja, kundi moja la wanyama, ulipime mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ruzuku zinaisha na mitindo inapita lakini kundi lililopimwa miaka 15 hakuna anayeweza kukunyang'anya wala kulinunua. Data weka kwenye hifadhi za wazi, sampuli igawe kwenye friza mbili za majengo mawili tofauti, umeme hukatika.

Na matokeo yarudi kwa mwenye mnyama. Kuna ugonjwa wa BLAD kwa Holstein, ndama wanakufa kwa maambukizi kwa sababu chembe nyeupe haziwezi kutoka kwenye mishipa ya damu kwenda kupambana, na ulikuwa umesambaa kupitia uhimilishaji, karibu 14% ya madume bora waliopimwa Marekani walikuwa wanaubeba. Mabadiliko ya jeni yakajulikana 1992, kipimo kikatengenezwa, wabebaji wakaondolewa kwenye uzazi, na leo mtu anaweza kufuga Holstein maisha yake yote asimuone ndama wa namna hiyo. Kazi ikifika hapo ndo imefika.

Kama unataka kuanza wiki hii bila maabara wala hela, fungua OMIA, ile hifadhi ya bure ya sifa na magonjwa ya kurithi ya wanyama, tafuta rangi nyekundu ya ng'ombe, utafikishwa kwenye jeni MC1R. Nenda nayo Ensembl, tovuti ya bure ya jenomu, tazama iko kromosomu gani, soma ile herufi moja iliyodondoka inayovuruga protini na kumfanya ng'ombe awe mwekundu badala ya mweusi, jaribu kubuni praima zako mwenyewe za kupapima pale. Alafu tafuta mfugaji ambaye ng'ombe wake mweusi, aliyepandwa na dume mweusi, alizaa ndama mwekundu, mkae naye mchore nasaba yote anayoikumbuka, na kabla hujasema jeni imejificha muulize kwanza kama ana uhakika dume alikuwa yule.